Sanamu za vitu mchanganyiko: unamfanyaje mtu wa Dar asimame afikiri, sio kupiga selfi na kusepa?

KipandeChaChuma (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa wanaounda, wanaotazama na hata wanaoponda, wote karibuni, na najua wapondaji ndo mtawahi siti za mbele.

Mjini hapa sanamu za skrepa zimejaa siku hizi. Twiga wa nondo kwenye geti la hoteli, simba wa cheni za pikipiki, kambakochi wa spana na plagi za gari. Kazi safi, kuna watu wana mikono balaa na sina neno nao, twiga mwenyewe nishamtengeneza na hela yake nimekula. Ila twiga hata umuunde kwa dhahabu atabaki twiga. Mtu anamwangalia, anasema "daah wabongo wanajua", anapiga selfi, anaondoka vilevile alivyokuja. Mi naongelea ile aina nyingine, ile unaipita af mbele kidogo unageuka, kuna kitu kimekukaba na hujui ni nini.

Kwa asiyeijua, hizi ni sanamu ambazo hazitoki kwenye gogo moja wala chuma kimoja, humo ndani chuma kinakutana na nguo, mbao, plastiki, mfupa, taa, sauti, hata harufu. Wengi wakisikia hivo wanadhani ujanja ni kuchanganya vingi, yani ukigundisha sahani na kandambili na simu mbovu basi ushamaliza. Wapi. Ujanja ni kwamba kitu ulichookota kimeshaishi. Sufuria imeshaunguza wali, kandambili imeshatembea na mtu, dumu limeshabeba maji. Mtazamaji anavijua hivo vitu kwa mikono yake, kwa hiyo kabla hajasoma kibao chochote mwili wake umeshaanza kujibu. Wewe kazi yako ni kukiweka pale ambapo hakikutakiwa kuwepo.

Mfano ninaoupenda ni wa Romuald Hazoumè wa Benin. Kule madumu ndo yanayovusha petroli ya magendo kutoka Nigeria, jamaa wanayapasha moto yavimbe yabebe zaidi, wanayafunga kwenye pikipiki hadi dereva haonekani, likipasuka limepasuka na mtu kaenda. Hazoumè akaona kwamba dumu ukilikata ukaligeuza lina uso, mshikio ni pua na pale pa kumiminia ni mdomo. Akakusanya madumu 304 akayapanga chini kwa umbo la meli ya watumwa, ule mchoro wa karne ya 18 wa meli ya Brookes unaoonesha watu wamelazwa ndani wamebanana. Kazi inaitwa La Bouche du Roi, kulikuwa na sauti za watu na harufu humo humo. British Museum, makumbusho ya London, waliinunua 2007, mwaka ambao Uingereza ilikuwa inaadhimisha miaka 200 tangu ipige marufuku biashara ya watumwa. Sasa cheki akili hiyo. Hakuandika popote "utumwa ni mbaya". Dumu lenyewe ndo linasema, manake aliyekuwa anabebeshwa zamani na anayebeba petroli leo wamewekwa kwenye chombo kimoja na wewe umesimama juu yao unawatazama.

Jirani zetu Msumbiji nao. Baada ya vita vyao vya 1977 hadi 1992 bunduki zilikuwa zimefukiwa kila kona, Askofu Dinis Sengulane akaja na mpango ulioanza 1995, leta bunduki uchukue jembe, baiskeli, cherehani, mabati ya kuezekea. Bunduki zinakatwakatwa, vipande wanapewa wasanii. Mmoja wao anaitwa Kester, akaunda kiti cha enzi cha silaha 2001, baadae yeye na wenzake watatu wakaunda mti mzima wa silaha, unakaribia nusu tani, nao uko British Museum (hawa jamaa wanajua kukusanya, tuliache hilo). Kile kiti ndo kinanimaliza. Kiti kinakwambia kaa. Af ukisogea unaona mgongo wako utaegemea vitako vya bunduki, na hujui ile ilishatumika kwa nani.

Na msije mkasema haya mambo ya kizungu. Sisi watu wa pwani tumezaliwa nayo. Ukikosana na jirani huendi kumtukana, unanunua khanga yenye maneno yanayomfaa, unajifunga, unapita nayo mlangoni kwake asubuhi unaenda dukani na salamu unampa vizuri kabisa. Hujamgusa. Ila siku yake imeshaharibika na hana pa kukushtakia. Sanamu ya kumkabili mtu inatakiwa ifanye kazi hivo. Zetu nyingi za hapa zinafeli kwa sababu zimekuwa tangazo, mtoto wa chuma analia, pembeni kibao TUTUNZE MAZINGIRA. Mtu anasoma, anakubali kwa kichwa, amemaliza na wewe. Umemfikirisha saa ngapi?

Kazi niliyonayo sasa ni ya maji, nimepanga niitundike Mikocheni kwenye studio za wasanii. Ni ujia mwembamba wa mabati, upana wa mtu mmoja, katikati kumening'inia madumu ya njano ya lita 20 usawa wa kifua. Ili upite lazima ulibebe dumu kwa mikono miwili ulisogeze, na mengine yana maji kweli. Nataka mtu atoke upande wa pili mabega yanamuuma.

Nileteeni mawazo, na wajuzi wa kuchomelea na plastiki msijifiche.

---

nipo_nipo

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu uzi bila picha haujakamilika.

---

BingwaWaMbezi

Mkuu sio kwa ubaya ila hizi ndo zile za yule jamaa aliyeweka choo cha kukojolea kwenye maonesho akasema sanaa, na nyie mkaona dili. Mnaokota takataka jalalani, mnazipa jina gumu, mnamuuzia mzungu wa Masaki bei ya kiwanja. Mi mtu akichonga Mmakonde na mzigo kichwani naona jasho lake. Wewe kuning'iniza madumu jasho lako liko wapi? Hata mwanangu wa darasa la tatu ananing'iniza.

---

KipandeChaChuma

BingwaWaMbezi karibu, nilikuwa nakusubiri wewe kabisa 😂

Huyo ni Marcel Duchamp, Mfaransa, mwaka 1917 New York, na kwa taarifa yako wenye maonesho wenyewe walikataa kukiweka hicho choo japo walikuwa wametangaza kila anayelipa ada ataonesha kazi yake. Lakini swali la Duchamp lilikuwa la watu wa sanaa kwa watu wa sanaa, nani ana mamlaka ya kusema hiki sanaa hiki sio. Sawa, lishaulizwa, miaka mia imepita. Mi siulizi hilo. Mi sijali kabisa ukiita sanaa au fujo, nataka ukipita pale ukumbuke nani anakuletea maji.

Na jasho unaliona kwenye kuchonga tu? El Anatsui wa Ghana, ambaye kazi zake amezifanyia Nsukka Nigeria, anachukua vifuniko vya chupa za pombe kali, vinapondwa, vinakunjwa, vinaunganishwa kimoja kimoja kwa waya wa shaba na kundi la vijana hadi linatoka pazia la kufunika ukuta wa ghorofa. Alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonesho makubwa ya sanaa ya Venice, 2015 kwa kazi ya maisha yake. Na kwa nini vifuniko vya pombe? Kwa sababu pombe ilikuwa kwenye mizigo ile ile ya biashara iliyokuja kuchukua watu pwani ya magharibi. Kwa mbali unaona kitambaa cha kifalme kinang'aa, unasogea unakuta ni vifuniko vya ulevi. Muite huyo mwanao wa darasa la tatu aanze kukunja leo, tutakutana akiwa na wajukuu.

---

mchonga_mpingo

Vijana naomba na mimi niseme. Mimi niko Mwenge pale vinyago, nimekua kwenye vumbi la mpingo. Huyu kijana anayesema Mmakonde na mzigo kichwani ndo sanaa yenye jasho, ajue hao wenye mzigo kichwani tunawachonga kwa ajili ya begi la mtalii, inabidi aingie kwenye sanduku. Kazi ya kumkabili mtu Wamakonde walishaifanya zamani. Miaka ya 1950 hapa Dar alikuwepo Samaki Likankoa, ndiye anayetajwa kuwa mwanzo wa mtindo wa shetani, kiumbe jicho moja, tumbo limetoboka, mguu umetokea begani. Mtu ukikiona usiku hulali. Hakikuwa cha kupamba sebule, kilikuwa kinasema kuna vitu unaishi navyo na huvitaji. Na George Lilanga aliyefanya kazi pale Nyumba ya Sanaa alichukua viumbe hao hao wa shetani akawapaka rangi kali, wakawa wanacheka wanavutana masikio, mzungu anacheka nao hajui anachekwa.

Sasa la ufundi. Ukitaka kuchanganya mpingo na chuma usipige msumari, mpingo ni mgumu utapasuka au msumari utapinda. Toboa kwanza tundu kwa dirili, tundu liwe pana kidogo kuliko bolti, kwa sababu mti unatanuka na kusinyaa na chuma hakitanuki pamoja nao. Mpingo ambao haujakauka ukiubana na chuma pande zote utapasukia hapo hapo, na utapasuka siku ya maonesho. Na angalia mtu asikuuzie mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu. Kwangua chini ya kitako uone.

---

KipandeChaChuma

Shikamoo mzee wangu. Hili la tundu pana nalibeba kama lilivyo. Na hilo la Lilanga "hajui anachekwa" ndo khanga yenyewe niliyokuwa naisema.

---

UstadhiMsafiri

Assalam alaykum. Mi swali langu ni jingine. Wengi wetu hapa mjini tumefundishwa kujiepusha na sanamu zenye sura ya kiumbe. Unaposema unataka "mtu wa Dar" asimame, nusu ya hao watu wa Dar wakiona kitu kina macho wanageuza uso, sio kwamba hawafikirii, ni kwamba hawataki. Umelitafakari hilo au unawaundia watu wa kumbi za sanaa za Mikocheni tu?

---

KipandeChaChuma

Waalaykum salaam ustadhi. Nimelitafakari na ndo sababu kubwa inayonivuta kwenye vitu vilivyotumika badala ya sura. Kitu kinamleta mtu bila kumchora. Ukiweka kandambili moja ya mtoto imekatika kamba, huna haja ya mtoto. Ukiweka baraghashia juu ya kiti kitupu, kila mtu ameshaona babu yake. Hamna jicho hata moja pale na bado umetazamwa.

Japo sitaki kusema sura hazifai, itakuwa uongo. Jane Alexander wa Afrika Kusini aliunda watu watatu wamekaa kwenye benchi, ukubwa wa mtu halisi, 1985 hadi 86, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari. Miili ya watu, plasta kwa mfupa na pembe za kweli, vichwa vya wanyama, midomo haipo, pamezibwa. Wanaitwa Butcher Boys, wako Cape Town kwenye makumbusho ya sanaa ya taifa. Angewapandisha juu ya jukwaa ungewaangalia kama mashujaa. Kawaweka kwenye benchi, wamekaa kihasara hasara kama wanasubiri basi, na benchi ni hilo hilo ambalo ungekaa wewe. Pale kinachotisha ni benchi kuliko pembe.

---

kaka_wa_Buguruni

Mnaongea mambo makubwa ila hamjasema kitu kimoja cha uswazi: UCHAWI. Kuna mshkaji wangu aliunda kazi yake kwa ungo, kaniki, chungu kilichovunjika na nyuzi nyekundu. Yeye wazo lake lilikuwa jinsi kazi za jikoni zinavyomfunga mwanamke, amelipanga vizuri kabisa kichwani. Akaiacha usiku barazani kwa mtu ili asubuhi waipeleke kwenye ukumbi. Asubuhi hakuna aliyethubutu kuigusa, mlinzi kahamia upande wa pili wa barabara, bodaboda kakataa kubeba hata kwa bei mara mbili, na mama mwenye nyumba anaita watu wa maombi. Ungo!! Wewe unaweka ungo nje usiku unategemea nini 😂😂

---

KipandeChaChuma

😂😂 aisee. Lakini huyo mshkaji wako ndo aliyefanikiwa kutuzidi wote humu, bodaboda kakataa HELA. Shida ni kwamba kazi ilisema kitu kingine kikali kuliko alichotaka yeye. Ungo Dar haujawahi kuwa chombo cha kupepetea tu, na rangi ndo hizo hizo nyekundu, nyeusi na nyeupe, ukizikutanisha kwenye njia panda hamna atakayekuuliza wazo lako. Ningekuwa yeye ningeacha jikoni kabisa, ningebaki na hofu ile kama ndo kazi yenyewe.

---

dada_wa_Mbagala

Nimesoma uzi wote kimya kimya na nina neno na mleta uzi, usinichukie.

Kaka hiyo kazi yako ya madumu umemuundia nani? Mi dumu nalibeba kila siku ya Mungu. Maji kwetu yanakuja usiku wa manane, unasikia bomba linakohoa unaamka, watoto wamelala, unapanga ndoo na madumu hadi kwenye kona ya kitanda. Sasa niache kazi zangu nipande gari mbili nije Mikocheni ulipotundika dumu nilibebe, af ndo nikumbuke maji? Umenikabili na nini ambacho sikijui? Mi nitapita kwenye huo ujia wako mbio kabisa na mtoto mgongoni, mabega hayataniuma, yameshazoea. Atakayeumia ni yule mwenye tangi na pampu, na yule ataumia dakika moja, atacheka na wenzie, ataona amefanya mazoezi. Tena atapiga hiyo selfi usiyoitaka.

---

BingwaWaMbezi

Dada umempiga palepale 🔥🔥 nilikuwa natafuta hayo maneno toka jana

---

KipandeChaChuma

Dada wa Mbagala siwezi kukuchukia, hii ndo komenti ninayoisubiri toka nimefungua uzi.

Nakubaliana na wewe nusu. Kweli kazi haiwezi kuwakabili watu wote kwa nguvu moja, manake kitu kile kile kwako ni kazi ya kila siku na kwa mwingine ni mchezo. Na kweli mwenye tangi ndiye ninayemtaka. Hapo kwenye kucheka na selfi ndo sijakubali kwamba hakuna dawa. Kuna Mmarekani Edward Kienholz, 1964 aliweka gari kuukuu, mlango uko wazi, ndani kuna mambo ya faragha ya vijana wawili wa waya na plasta. Wakubwa wa wilaya ya Los Angeles 1966 wakataka iondolewe, muafaka ukawa mlango ufungwe, mlinzi anaufungua akiombwa na mtu mzima. Sasa hapo ndo kazi ikawa kazi kweli, manake kabla ya kuona lazima umwambie mtu mwingine kwa mdomo wako "naomba nione". Umeshajitaja. Kwa hiyo anayekuwepo mlangoni anabadilisha kila kitu. Swali langu kwako, ungekuwa wewe unamsimamisha nani pale kwangu?

---

dada_wa_Mbagala

Hapo sasa tunaongea. Usimsimamishe mtu. Mi ningeandika. Wanawake wa mtaani waandike kwa makapeni ya rangi juu ya kila dumu ile saa waliyoamka, basi, saa tu. Saa nane na nusu. Saa tisa kasoro. Saa kumi na moja na adhana. Hamna jina, hamna maelezo. Mwenye tangi akilikumbatia ili apite, saa yangu inakuwa pale kifuani kwake, na yeye anajua saa hiyo alikuwa wapi.

Na madumu yawe ya kweli, usinunue mapya dukani yanang'aa. La kweli lina uchafu pale mshikio ulipo, lina mfuniko usio wake, limefungwa na nailoni. Ukiweka mapya tutajua hujawahi kuteka maji.

---

mchonga_mpingo

Huyu binti ndiye msanii. Wewe kijana chukua hilo dumu na saa yake, funga mdomo.

---

KijanaWaSkrepa

Kwa upande wa ufundi mkuu nakupa zangu nikiwa Gerezani hapa, kelele tupu lakini nitaandika.

Kwanza hayo madumu ni polietilini, usipoteze hela kwa supaglu wala araldaiti, hakuna gundi ya kawaida inashika pale, utaona limeshika ukaenda kunywa chai ukirudi liko chini. Tumia bolti na washa pana, au ribiti, au shona kwa waya. Unaweza pia kuyeyusha kipande cha dumu lile lile kwa chuma cha moto ukaliunganisha, ila fanyia nje kwenye upepo. Likikaa juani muda mrefu linakauka linapasuka kama ganda la yai, kwa hiyo kama unaliweka uwanjani usiliamini libebe uzito.

Pili, fremu. Ninavyokujua utataka kutumia mabomba ya maji ya zamani ili ufanane na mada. Yale yamepakwa zinki. Ukiyachomelea hivohivo ule moshi mweupe utakupa homa usiku, unatetemeka kama una malaria, na maziwa unayoambiwa unywe hayasaidii kitu. Pitisha grainda utoe ile ngozi sehemu ya kuchomelea hadi uone chuma chenyewe, chomelea kwenye upepo, barakoa ya kweli sio kitambaa, af paka redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, ukimaliza.

Tatu, hapa ni pwani. Ukiunganisha waya wa shaba moja kwa moja na chuma, chumvi ya hewani ikiingia kati, chuma ndo kinaliwa haraka pale pale panapogusana. Weka kipande cha tyubu ya baiskeli katikati. Watu wa bara hawaelewi hili wanashangaa kazi zao zinalia machozi mekundu.

Nne, dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 na ushee, likibembea linavuta zaidi ya hapo, kwa hiyo fremu yako bila miguu ya kutoka nje pembeni itaanguka na mtu ndani. Usitegemee uzito wa mabati. Na kingo za mabati zikunje, tafadhali, sitaki kusikia habari ya mtu kukatwa.

---

nipo_nipo

Haya ndo mambo tunayolipia bando. Ila hiyo nne imenitisha.

---

posta_ya_zamani

Nichomekee kidogo la historia kwa vijana. Sanamu inayomkabili mtu hapa mjini iko Posta mnaipita kila siku. Yule Askari pale Samora yupo tangu 1927, shaba tupu, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson. Kabla yake hapo mjini palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Mjerumani, kasimama juu na askari Mwafrika yuko chini yake anamtazama. Waingereza walipouchukua mji 1916 wakaing'oa. Ikaja kusimamishwa tena Hamburg kwenye chuo kikuu chao, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wenyewe wakaiangusha kwa kamba. Kwa hiyo ile haikumkabili mtu hadi ilipolala chini. Ninachotaka kusema ni kwamba mahali panabadilisha kazi kuliko malighafi mnazobishania. Madumu yako kwenye ukumbi wenye kiyoyozi ni mapambo, madumu hayo hayo kwenye mlango wa kuingilia ofisi ni ugomvi.

---

KipandeChaChuma

Mkuu posta_ya_zamani umeniamsha. Nilipanga kule Nafasi Mikocheni, wale wenye studio za makontena, wako pale tangu 2008 na mazingira yao yanafaa kazi kubwa ya chuma. Bado napenda ianzie pale kwa sababu ya nafasi na ulinzi. Ila baada ya hapo nataka izunguke, iwe inafunguka vipande vipande ipande kwenye kirikuu. Na nataka ifike Mbagala pia ingawa dada kasema haitamwambia kitu. Nadhani itamwambia kitu kingine. Kwa mwenye tangi saa zile ni lawama, kwa aliyeziandika ni kuona saa yake imekaa na saa za wenzake mstari mmoja.

---

dada_wa_Mbagala

Hiyo itabidi nione kwanza. Madumu yapo, wapangaji hapa wana yale yaliyotoboka chini wanapandia mchicha. Njoo nayo mapya ubadilishane, usije mikono mitupu ukaanza kuongea sanaa. Na njoo mchana, usiku tuna kazi.

---

KipandeChaChuma

Mpango uliopo sasa: madumu ya kubadilishana, moja jipya kwa moja la zamani kama wale wa Msumbiji na majembe yao. Kila mama anaandika saa yake mwenyewe, mi siandiki hata moja. Yaliyotoboka yanakaa matupu juu, mazima yanajazwa yanakaa usawa wa kifua. Hakuna kibao cha maelezo. Fremu ya mabomba, miguu ya nje ya chuma cha L, nimeshaongea na KijanaWaSkrepa pembeni tuchomelee kwake.

---

BingwaWaMbezi

Mi nina tangi nyumbani, nasema ukweli. Nitakuja. Ila mfuniko usio wake ukifunguka ukanimwagia suruali nani analipa?

---

dada_wa_Mbagala

Suruali itakauka kaka. Andika tu saa iliyolowa.